Siku hizi nauza kaa aliyejaa

Huku Gazi, kaunti ya Kwale, kushika kaa ni kazi ya wanaume. Maji yakitoka huingia mikokoni kwa miguu, mti wenye ndoana ya chuma mkononi, wakichokoa tundu baada ya tundu. Sisi wanawake kazi yetu ilikuwa kupokea kapu, kumfunga kaa magando na kumpeleka kwa tajiri. Na tajiri ana kidole. Hubonyeza gamba la chini, karibu na miguu, likiingia, basi: “Mama, huyu mtupu.” Nusu bei, au chini ya hapo. Hadanganyi, kaa aliyetoka kujivua gamba huwa maji tu ndani. Lakini nilikuwa nikirudi nyumbani nimenuna, maana kaa huyo huyo baada ya wiki chache angekuwa wa bei kamili, na faida ikaenda kwa mwenye pa kumweka.

Sasa nina pa kumweka. Kikundi chetu cha akina mama kilijenga matundu ya mbao kando ya mkondo, kila kaa na chumba chake, kwa sababu wakiwa pamoja hulana, na wa kwanza kuliwa ni yule laini. Tunawalisha matumbo ya samaki na tondo waliopondwa. Baada ya wiki tatu hivi nabonyeza mwenyewe, kidole hakiingii. Siku hizi tajiri ndiye anayenipigia simu.

Ila wageni wakiuita ufugaji, mimi hucheka. Tunanenepesha tu. Jike huenda kutaga nje baharini, mayai kwa mamilioni, na watoto hurudi kukulia kwenye tope la mikoko. Sisi hatujaangua hata mmoja; bila mikoko hatuna kaa wa kunenepesha. Mikoko Pamoja, mradi wa hapa kwetu wa hewa ya ukaa, umetuletea maji na vitabu vya shule, nami nashukuru; lakini mimi mkoko naupandia kaa.

Ugomvi wa nyumbani sasa ni kaa wadogo. Mume wangu akileta asiyefika kiganja changu, namwambia, “Baba watoto, huyu si mtupu, huyu ni mtoto. Mrudishe.” Hunijibu kwamba nikimkataa mimi, kikundi kingine kitampokea. Ni kweli. Zamani kaa wa kimo hicho hakuwa na mnunuzi; matundu yetu ndiyo yaliyompa bei.