Kila Mtoto na Somo Lake

Baadhi ya wazazi wa hapa Songea wanatutaka tuwasomeshe watoto wote wa chuo ukurasa mmoja, kama ifanywavyo katika shule za serikali. Shauri hili hatulikubali. Tangu zamani mtoto wa chuoni hufuata somo lake: huyu yumo katika alifu, yule katika Juzuu Amma, na aliyetangulia humsomesha mwenziwe mpaka zamu yake ya kusikilizwa na mwalimu ifike. Qur'ani yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka ipatayo 23. Basi mtoto mzito ahimizwe mbio kwa kuwa wa jirani amekwisha hitimu?

Siku hizi simu nazo zimeingia. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodiwa akisoma Qur'ani nzima mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo kisomo chake kimo mkononi mwa kila mwenye simu. Sisi huwapangia wanafunzi wakubwa sura za kusikiliza nyumbani, kila mmoja kwa kadiri yake. Atakayerudia aya moja mara ishirini, hapana wa kumcheka. Hili ni jema sana. Lakini kisomo kilichorekodiwa hakimsikilizi mtoto. Akisema "kalbi", yaani mbwa, mahali pa "qalbi", yaani moyo, nani atamrudisha? Mzazi aliyemtoa mwanawe chuoni kwa kuwa amemnunulia simu, tunamwomba amlete walau jioni mbili kwa juma atusomee, wala hatutamdai ada.