Siku za Mashindano ya Shule Upare

Kama hamjafika Same, fikeni mwezi wa Juni, masika yakiisha. Mji wenyewe uko chini, kandokando ya barabara kuu ya Moshi: jua, upepo, vumbi na miti ya miiba. Inueni macho. Juu kuna ukungu na migomba, na kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,463. Chini mtu anatafuta kivuli, na huko juu mwenzake anaota moto.

Ndiko wanakotoka vijana wengi wanaoshuka kwa mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari. Hushindana kwanza katika kata, kisha wilaya, kisha mkoa, na mwisho taifa zima. Viwanja vya milimani vimechongwa ubavuni mwa mlima. Mpira ukitoka nje hukimbilia bondeni, nao mchezo husimama mpaka mtoto aurudishe. Lakini wachezaji wake wana pumzi! Hewa ya juu ni nyepesi, na njia ya shule ni kupanda na kushuka kila siku. Katika mbio ndefu watu wa tambarare wajihadhari. Kwa mpira wa miguu, mimi nawapa hao wa tambarare, maana wamezoea kiwanja kipana.

Mpanga ratiba naye ana kazi. Wasabato waliingia Upare mwaka 1903, na wana shule Suji na Parane; kwao, tangu jua kuchwa Ijumaa hata jua kuchwa Jumamosi hakuna mchezo. Waislamu wana swala ya Ijumaa, nasi Jumapili asubuhi tuko Misani.

Same na Mwanga zilikuwa wilaya moja hata mwaka 1979. Leo hupambana kama mafahali wawili, Gonja kwa Usangi. Lakini ikichaguliwa timu ya mkoa wa Kilimanjaro, yule golikipa mliyemzomea juzi huwa wenu, naye hula sahani moja na mtoto wenu. Mwaka 2019 na 2021 fainali za taifa zilikuwa Mtwara, na mwaka 2022 Tabora. Kijana wa Vunta hupata wapi tena safari kama hiyo?

Sasa wazazi, nisikilizeni. Mvulana akichaguliwa, nauli hupatikana. Msichana akichaguliwa, huambiwa maharage hayajavunwa. Najua sababu si maharage peke yake. Mnaogopa, na hofu yenu si ya bure. Basi nendeni shuleni mkaulize. Mwalimu gani wa kike anasafiri nao? Watalala wapi, na mlango unafungwa? Je, wanakwenda kwa basi au wanapakiwa katika lori, na kona za milima yetu mnazijua? Msiridhike na jibu la “tutaona”. Mkijibiwa vema, mfungieni binti mzigo wake aende. Maharage yatavunwa na kaka zake.