Chombo cha Akiba

Akiba haiozi. Methali hii tulifundishwa tungali wadogo, nasi hudhani kuwa ilisemwa kwa ajili ya nafaka na fedha tu. Nataka kukuonyesha, msomaji kijana, kuwa ina maana hata angani, mahali ambapo waliotunga methali hii hawakufika. Nataka pia kukiri kosa langu, maana mwalimu asiyekiri kosa huwafundisha wanafunzi wake kuficha yao.

Ninaye ndugu yangu mdogo, muuguzi katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kwa miaka kadhaa, kila apatapo siku ya mapumziko, alikuwa akijenga ndege ya viti viwili katika banda la gari lake. Usistaajabu. Sheria ya Marekani humruhusu mtu kujenga ndege na kuirusha, mradi sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na wajenzi wenyewe kwa ajili ya elimu au burudani, na ndege ikaguliwe kabla ya kupaa. Vipande vya mabawa vililetwa katika masanduku. Yeye alitoboa matundu na kupigilia ribiti kwa maelfu.

Kazi ilipokaribia kwisha, mwaka 2023, alinieleza kuwa mbele ya kiti cha rubani amekwisha kufunga kioo kikubwa cha umeme, mfano wa uso wa simu. Kioo hicho huonyesha mwendo, kimo, upande iendako ndege, na mstari wa upeo, ambao humwambia rubani kama mabawa yamelala sawa au yameinama. Sasa alikusudia kununua kingine kidogo cha akiba. Nilipouliza bei, niliona kuwa inapita mshahara wangu wa miezi miwili. Wakati huo paa la nyumba ya mama yetu, hapa Isebania, lilikuwa likivuja. Nikamwandikia kwa ukali: mtu mwenye macho mawili na kioo kimoja ana haja gani na kioo cha pili? Tuma fedha nyumbani.

Hakunibishia. Alijibu kwa adabu, "Kaka, kabla hujaniamulia, fanya jaribio moja darasani. Mketishe mwanafunzi katika kiti kizungukacho, umfunge macho, umzungushe polepole kwa mwendo usiobadilika. Kisha muulize anaelekea wapi."

Nilifanya hivyo. Kijana mmoja hodari alijitolea. Mwanzo alitaja upande wa kweli. Baada ya muda mfupi, kiti kingali kinazunguka, alisema kimesimama. Nilipokisimamisha, alishika mikono ya kiti kwa nguvu akasema sasa kinazunguka upande wa pili. Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka. Ndani ya sikio la binadamu mna mifereji mitatu yenye maji, na mwendo wa maji hayo ndio utuambiao kuwa tunageuka. Mgeuko ukidumu, maji huufuata mwendo wa kichwa, na habari hukoma. Basi rubani aliye ndani ya wingu au giza, asiyeuona upeo wa dunia, huweza kuinama na huku moyo wake ukimhakikishia kuwa amenyoka.

Jambo hili si hadithi. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Abidjan ilipaa kutoka Douala, Kameruni, katika giza na hali mbaya ya hewa. Ikaanza kuinama kulia polepole, na muda si mrefu ikaanguka katika kinamasi cha mikoko. Watu wote 114 waliokuwamo walifariki. Uchunguzi ulieleza kuwa rubani alipotewa na fahamu ya mwelekeo wake, na kuwa mwenendo wa ndege haukuangaliwa ipasavyo. Kwa hiyo kuwa na chombo ni jambo moja, na kukitazama ni jambo la pili.

Nilikubali sasa kuwa kioo kimoja ni lazima. Cha pili bado kilinitia shaka. Jioni moja stima ilipotea, kama ipoteavyo mara kwa mara, na mama akawasha kandili. Kwa mwanga wake nilimsomea barua ya mwanawe. Aliuliza swali moja tu: "Hicho kidogo kinakula umeme wa kile kikubwa?" Nikamjibu kuwa sivyo; kina betri yake, iwezayo kukiwasha kwa muda wa saa 4 hivi.

"Basi ni kandili," akasema. "Ukiwa na taa mbili za stima, stima ikipotea zote hupotea. Kandili ina mafuta yake. Mwache mtoto anunue. Paa litangoja."

Niliona haya. Nilikuwa nimeutumia umaskini wa mama kama hoja, na yeye mwenyewe hakuitaka hoja hiyo.

Ndugu yangu alikata tundu la duara la inchi 3 na thumuni, akakifunga chombo humo kwa kufuata pimamaji, ndege ikiwa imesawazishwa. Maana kikifungwa upande, kitasema uongo kila siku. Akakipa waya wake na fyuzi yake. Tena palikuwa na mirija miwili ya hewa: mmoja huleta msukumo wa upepo wa mbele, ambao hupima mwendo, wa pili huleta kanieneo ya hewa tulivu ya nje, ambayo hupima kimo. Mirija hiyo aliigawa ihudumie vioo vyote viwili, kisha akapima kila kiungo kama kinavuja. Alijua kuwa mrija uvujao ungewafanya mashahidi wawili waseme uongo mmoja.

Ndege ilipomaliza saa zake za majaribio, alipaa pamoja na mwalimu wake, wakakifunika kioo kikubwa kwa karatasi, naye akajizoeza kuongoza kwa kile kidogo.

Hata leo hakijahitajiwa kwa shida ya kweli, nasi twamshukuru Mungu. Paa liliezekwa baadaye, baada ya msimu mzima wa masufuria kupangwa sakafuni usiku. Mama hakunung'unika. Nami, kila niwashapo kandili ile, hukumbuka barua yangu ya ukali. Nawe, msomaji, siku utakapokuwa na yakini kabisa kuwa unakwenda sawa, mkumbuke yule kijana wa kiti: naye alikuwa na yakini.