Kamanyola: Mtoto asiyetulia anahitaji mwalimu gani wa muziki?

Huku Kamanyola, mzazi anayetaka mtoto wake ajifunze muziki mara nyingi huanzia kanisani. Kwenye kwaya kuna ngoma, gitaa, pengine kinanda, na kuna watu wazima wanaojua kuvipiga. Kazi ngumu ni kumpata yule atakayempokea mtoto asiyeweza kukaa kimya.

Mama mmoja, muuza ndagala kando ya barabara ya taifa nambari 5 itokayo Bukavu kwenda Uvira, anaujua ugumu huo. Mtoto wake wa kiume ana miaka 9. Nyumbani hupiga bidoni, sufuria, mlango, hata mgongo wa mdogo wake. Shuleni mama amekwisha kuitwa mara tatu. Baba alisema dawa ni fimbo. Mama akajibu kwamba mtoto huyu apelekwe mahali ambapo kelele ni kazi.

Mwalimu wa kwanza alikuwa mpiga kinanda anayesoma nota vizuri. Aliwakalisha watoto kwenye benchi, wakariri do-re-mi saa nzima kabla ya yeyote kugusa kinanda. Watoto wengine walivumilia. Huyu, siku ya tatu, alirudishwa nyumbani na ujumbe: “Mama, ngoja kwanza akomae.” Pesa ya mwezi ilikuwa imekwisha kulipwa na haikurudi. Lakini kilichomwumiza mama zaidi ni kumsikia mtoto akisema yeye ni mjinga.

Baba alitaka mambo yaishie hapo. Mama akajaribu mara moja tena, kwa mpiga ngoma wa kwaya nyingine. Huyo hakumwambia mtoto akae. Alimwuliza: “Nyumbani unapiga nini?”

“Bidoni, papa.”

“Kesho uje nayo.”

Kesho yake alimpa pigo moja tu, la mwisho katika kila mapigo manne. “Hilo ni lako. Ukilikosa, wote tunapotea.” Mtoto alilikosa mara nyingi. Mwalimu alianza upya bila kumkaripia, na wenzake wakamngoja. Ili kulipata pigo lake, ilimbidi asikilize yale matatu ya wengine. Mwezi wa pili aliweza kumaliza wimbo mzima bila kuondoka mahali pake. Mama alilipa nusu kwa franka, nusu kwa ndagala, na mwalimu akakubali.

Shuleni bado anaitwa mtukutu. Lakini neno “mjinga” halijasikika tena nyumbani, na baba sasa ndiye anayemkumbusha saa ya mazoezi.

Muziki wa Kongo una mfano wake mkubwa. Luambo Makiadi, yaani Franco, alizaliwa Sona Bata mwaka 1938. Utotoni huko Léopoldville, leo Kinshasa, alipiga gitaa alilojitengenezea mwenyewe, sokoni mama yake alipouza maandazi. Ebengo Dewayon, aliyekuwa na gitaa la kweli, alimwachia alipige na akamwongoza. Mwaka 1956 Franco alikuwa miongoni mwa walioanzisha OK Jazz. Kabla ya yote hayo, kuna mtu aliyekubali gitaa lake liguswe na mtoto wa sokoni.

Basi mzazi asilipe mwezi mzima kabla ya kuomba kutazama somo moja. Aangalie mtoto anakaa muda gani kabla ya kugusa chombo, na mwalimu anafanya nini mtoto anapokosea. Aangalie pia kama mdogo ana kazi yake katika kundi, au anangoja tu wakubwa wamalize. Mtoto akirudi, asimwulize amefundishwa nini. Amwambie: “Hebu nionyeshe.” Akikimbilia bidoni bila kusukumwa, mwalimu amepatikana.