Kofia ya Viua Katika Baridi ya Soy

Soy iko kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale, katika nchi ya mahindi na ngano, mbali na bahari. Huko nilihamishiwa kikazi, na sandukuni nilikuwa na kofia ya viua niliyoianza Lamu kwa ajili ya marehemu baba. Alipofariki, sindano ilinishinda.

Baridi ya Soy hutia vidole ganzi. Hata hivyo, kila siku baada ya sala ya alfajiri nilizungushia uzi matundu matano, kisha nikaikunja. Jirani yangu Mkalenjin, mtunga shanga, aliniuliza ni ya nani, nikanyamaza.

Ilipokamilika, alhamdulillahi, nilimjibu: ni ya mwanangu. Kipimo cha babu yake kimemwenea.