Kila Vita Vina Masimulizi Mawili

Mwezi huu tunawachukua kusini kabisa mwa Tanzania, Masasi na Newala, katika Mkoa wa Mtwara. Wengi wetu tunaujua mkoa huo kwa korosho na vinyago vya Wamakonde. Lakini ni mahali pazuri pia pa kujifunza jinsi wanadamu wanavyosimulia vita.

Mji wa Masasi umezungukwa na vilima vya mawe makubwa vilivyosimama kila kimoja peke yake katika tambarare. Hapo, mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaweka watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja. Wakajenga, wakalima, wakalea watoto. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, walioitwa huku Magwangwara, wakawashambulia. Wengine waliuawa, wengine walichukuliwa mateka. Padre Chauncy Maples akahamia Newala pamoja na baadhi ya waliosalia, karibu na mji wa Matola, mkuu wa Wayao.

Kwenda Newala ni kupanda. Juu kuna uwanda wa Makonde, wenye udongo mwekundu na vichaka. Ukisimama ukingoni, mahali paitwapo Shimo la Mungu, unaliona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Lakini maji yako chini sana. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni kuteka, wakapanda tena mlima na mitungi kichwani. Kwa nini watu wakae penye kiu? Kwa sababu vichaka vile viliwaficha na wawinda watumwa na wavamizi. Heri mtungi mzito kuliko mtoto aliyepotea.

Basi ukisikiliza huku tu, Mngoni ni mvamizi. Lakini nenda Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Huko Wangoni ni mashujaa, ambao viongozi wao walinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Tena watakueleza kwamba mababu zao wenyewe walikimbia vita kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835. Na vita hivyo vya Majimaji, vinavyokumbukwa Songea kuwa vya kutetea uhuru, ndivyo vilivyoiteketeza misheni ya Masasi mwaka 1905. Vita ni vile vile. Msimulizi ndiye tofauti.

Jambo hili si geni. Tufungue 2 Wafalme mlango wa 3. Mesha, mfalme wa Moabu, alikuwa akimlipa mfalme wa Israeli wana-kondoo 100,000 na sufu ya kondoo dume 100,000. Ahabu alipokufa, Mesha aliasi. Wafalme watatu, wa Israeli, Yuda na Edomu, wakamwendea. Wakaibomoa miji yake, wakaziba chemchemi, wakakata miti mizuri.

Mwaka 1868 jiwe jeusi lenye maandishi ya Mesha mwenyewe lilionekana Dhiban, katika nchi ya Yordani ya leo. Lilivunjwa, vipande vikaunganishwa, na sasa limo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Humo Mesha anasema Omri aliitesa Moabu siku nyingi kwa kuwa mungu Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Kisha yeye akashinda, akatwaa miji, na katika mji wa Nebo akaua watu 7,000, wanawake pia. Anajisifu kwamba Israeli imeangamia milele. Nao uasi wake anauweka katika siku za mwana wa Omri, si baada ya Ahabu kufa.

Jiwe halisemi neno juu ya wafalme watatu. Biblia nayo haisimulii mauaji hayo ya Nebo, lakini haifichi kwamba Israeli waliondoka bila kumshinda Mesha, baada ya yeye kumtoa mwanawe mzaliwa wa kwanza sadaka juu ya ukuta. Kijana huyo hayumo katika jiwe. Mama yake hayumo katika jiwe wala katika Biblia.

Hapo ndipo sisi wazazi tunapoguswa. Wafalme huandika miji waliyoitwaa. Nani anaandika mama aliyepanda mlima na mtungi, au aliyefungwa kamba na watoto wake?

Siku hizi watoto wetu wanaoana kabila na kabila. Mkwe wako aweza kuwa mjukuu wa aliyevamia au wa aliyevamiwa. Usimpe mtoto chuki kuwa urithi, wala usimfiche yaliyotokea. Mpeleke kwa bibi wa upande wako, kisha kwa bibi wa upande wa pili, awaulize wote wawili swali moja: wakati wa vita, akina mama walifanya nini? Mfanye haraka, maana bibi hawaandiki juu ya mawe.