Bogotá kwa Mwanamke Asafiriye Peke Yake

Siku hizi mabinti zetu, na hata sisi akina mama, twasafiri mbali bila mwenzi: kwa masomo, kwa mikutano, kwa kazi. Wengi huuliza, "Je, mji ule una usalama?" Sisi tuliofika Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, twaona swali hilo halitoshi. Yafaa kuuliza: mtaa gani, na saa ngapi?

Mji huu uko mita 2,640 juu ya usawa wa bahari, nasi wauguzi twaanzia hapo. Siku ya kwanza mgeni huweza kuumwa kichwa, kuhema na kuchoka upesi, na mtu aliyechoka husahau kuangalia mkoba wake. Pumzika kwanza, matembezi yaanze kesho yake.

Njia si ngumu kuzijua. Milima iko mashariki. Barabara ziitwazo carrera hufuata milima hiyo, na zile ziitwazo calle huzikatiza. Toka katikati ya mji, namba za calle huongezeka kadiri uendavyo kaskazini. Ukilijua hilo, huna haja ya kusimama njia panda ukiwa umeshika ramani.

La Candelaria ndio mtaa wa kale. Hapo pana uwanja wa Plaza de Bolívar na Museo Botero, isiyo na kiingilio. Karibu yake ni Museo del Oro, yenye hazina ya dhahabu ya kale. Mchana watu ni wengi, wanafunzi na watalii. Lakini kama kwetu karibu na ikweta, jua huzama kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na ofisi zikifungwa vichochoro hubaki vitupu. Mtaa uliopita kwa amani saa nne asubuhi usiupite kwa miguu saa mbili usiku.

Kwa malazi, wageni wengi huchagua Chicó au Usaquén, upande wa kaskazini, ambako jioni bado kuna watu. Hata huko, teksi iagizwe na hoteli. Usiisimamishe barabarani, kwani uko wizi uitwao paseo millonario: abiria huzungushwa kwenye mashine za kutolea fedha mpaka akiba yake iishe.

Kanisa la Monserrate liko kileleni, mita 3,152. Panda kwa gari la waya. Njia ya miguu usiifuate peke yako. Siku nzuri kuliko zote ni Jumapili. Tangu 1974, barabara kubwa hufungwa magari yasipite, siku hizi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, na jamaa nzima hutoka kutembea na kuendesha baiskeli.

Jambo moja twalisema kama wauguzi. Wahalifu hutumia dawa iitwayo skopolamini, wakiitia katika kinywaji. Aliyeinywa huweza kulegea na kutii aambiwalo, na baadaye huenda asikumbuke kitu. Usipokee kinywaji kwa mtu usiyemjua, wala usiache chako mezani. Ukimwona mwenzako amechanganyikiwa ghafula, piga 123 apelekwe hospitali.

Wenyeji wana msemo: "No dar papaya", yaani usitoe papai. Maana yake, usimwonyeshe mwizi cha kumtamanisha. Mkufu ubaki hotelini, simu ikae ndani ya mkoba. Ni shauri jema, ila lisigeuzwe fimbo ya kumchapia aliyeibiwa. Mwenye kosa ni mwizi. Akikutolea kisu, mpe mkoba, uhai haununuliwi.

Na binti akirudi nyumbani mikono mitupu, akina mama wenzetu, tusianze na "Ulikuwa unatafuta nini huko?" Tuanze na "Umeumia wapi, mwanangu?" Binti anayeogopa lawama hunyamaza, na jeraha linalofichwa sisi wauguzi hatuwezi kulitibu.